Kipimajoto cha Bwana Mifugo

Bwana Mifugo hakunywa chai ya maziwa. Kwa miaka yote niliyokaa jirani naye pale mtaa wa Mukendo sikuwahi kumwona akitia hata tone kwenye kikombe, na ukimuuliza alikuwa na jibu moja tu: "Nimeshaingiza mkono kwenye ng'ombe wengi sana, binti. Niachie ya rangi."

Alikuwa amestaafu kabla mimi sijajenga kwenye mtaa ule, lakini watu waliendelea kumwita kwa kazi yake, na yeye akaendelea kuifanya. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, likitajwa kwenye matangazo ya kanisani, nikageuka kutafuta huyo ni nani. Kanisani kwenyewe alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, amevaa buti zake za mpira alizozisugua Jumamosi mpaka zikang'aa. Akiona mtu anazishangaa, anasema mbuzi hachagui siku ya kukwama. Na kweli, zaidi ya mara moja nilimwona akinyanyuka katikati ya mahubiri kwa sababu mtu amempungia mkono dirishani, na mchungaji akaendelea kuhubiri kama vile hakuna aliyetoka.

Kwenye mfuko wa shati lake kilikaa kipimajoto cha ng'ombe, kile kinene cha kioo, kimefungwa uzi mweusi wenye kibanio cha nguo mwishoni. Kibanio kilikuwa cha kubana manyoya ya mkia, ili kipimo kisije kikapotea ndani mnyama akishtuka. Nilipojua kinapoingia, niliacha kukaa upande wa mfuko ule.

Ulimi alikuwa nao. Msemo aliousema kuliko yote ulikuwa huu: "Mnyama haongopi. Mwenye mnyama ndiye anaongopaga." Mtu akija na ndama aliyevimba tumbo, akaapa kwamba hajala kitu chochote cha ajabu, Bwana Mifugo alikuwa anamwangalia ndama, halafu anamwangalia mtu, halafu ananyamaza. Ananyamaza mpaka mtu mwenyewe aseme, "Labda kamba kidogo." Hapo ndipo anauliza, "Kamba kidogo ni mita ngapi?"

Huyo huyo aliyechoma sindano mbuzi na ng'ombe wa Suguti nzima, siku malaria ilipomkamata alimbembeleza nesi ampe vidonge. Mkewe alilitangaza jambo hilo mtaa mzima, na mzee hakukana. Alisema anajua sindano inavyouma, ameziona sura zao.

Kwa mbwa alikuwa mtu mwingine. Mtaa wetu kila geti lina mbwa, isipokuwa la kwake. Alikuwa na kuku na mbuzi wawili, basi. Mbwa wa watu hakuwaita, hakuwapapasa, na hata wakimfuata na kutikisa mkia alipita kama anapita jiwe. Ukimletea mbwa anayeumwa, alimtibu vizuri kuliko mtu yeyote, kisha akaosha mikono mpaka kwenye viwiko. Majina yao hakuyatamka. Kila mbwa kwake alikuwa "mgonjwa", awe mgonjwa au mzima.

Mbwa wangu anaitwa Mtasema. Nilimpa jina hilo kwa hasira zangu, nilipomaliza kujenga nyumba nikiwa sina mume, na majirani wakawa hawalali kwa kutafuta fedha imetoka wapi. Siyo mimi wa kwanza. Huku kwetu mbwa wengi wamebeba ujumbe wa wenye nyumba. Bwana Mifugo aliposikia jina lile alitikisa kichwa.

"Umempa mbwa maneno ya kugombana na watu," aliniambia. "Siku akipotea utamwitaje mtaani?"

Nikacheka, nikamwita Mtasema ndani.

Sasa niseme kosa langu, maana bila hilo mzee nisingemjua zaidi ya salamu. Mimi nafanya biashara ya dagaa pale sokoni Mwigobero. Magunia matupu ndiyo mali yangu isiyoisha. Mtasema aliposhika mimba ya kwanza nilijua kabisa kwamba inafaa nikamuulize jirani yangu namna ya kumwandalia, lakini niliogopa ule ulimi. Nikajiandalia mwenyewe. Nikafagia stoo ya nyuma, nikachukua magunia matatu ya dagaa, nikayakung'uta, nikayaanika juani siku mbili, nikayatandika. Yalikuwa makavu na laini. Nilijisifu. Harufu sikuisikia, kwa sababu mtu anayeshinda kwenye dagaa hasikii tena harufu ya dagaa. Pua yangu iliacha kazi hiyo siku nyingi.

Alizaa sita. Siku ya tano ilikuwa Jumapili, mvua imenyesha alfajiri, nikaenda ibadani. Niliporudi nilimkuta Mtasema uani analia, anajing'ata miguu. Siafu walikuwa wametoka mtaroni, mstari mnene umeingia chini ya mlango wa stoo. Alikuwa amefanikiwa kumtoa mtoto mmoja mpaka uani, naye alikuwa ameshagandwa na siafu mwili mzima. Sikupata hata mmoja aliye hai.

Bwana Mifugo alisikia kelele zangu akaja. Aliingia stoo na buti zake, akainua gunia moja, akalinusa. Akaniangalia. Mimi nikasubiri maneno, nilishajiandaa kuyapokea, lakini aliniomba ndoo tu. Akawakusanya, akachimba mwenyewe pembeni ya fensi, akawafukia. Afadhali angenitukana. Wakati anaondoka alisema, "Akibeba tena, uniite." Mtasema alikwaruza sakafu ya ile stoo wiki nzima, pale pale magunia yalipokuwa, na mimi nilikuwa namsikia nikiwa jikoni. Niliapa kwamba jambo lile silitaki tena kwenye nyumba yangu.

Alipobeba tena sikumwita, kwa sababu yeye aliona kabla yangu. Nilikuwa naanika nguo, akanisemesha kwa juu ya fensi: "Huyo mgonjwa wako ana mimba." Akaja, akapiga goti, akamshika Mtasema tumbo kwa vidole vya mikono miwili, taratibu, amefumba macho.

"Wiki ya tano hivi," akasema. "Tuna mwezi."

Alisema tuna. Nililisikia neno hilo.

Mwezi huo nilisoma shule. Kwanza dawa ya minyoo. Halafu chakula: kidogo kidogo mara nne, siyo sinia moja la jioni, kwa sababu tumbo limejaa watoto na nafasi ya ugali ni ndogo. Nilimuuliza kwa woga kama dagaa zinaruhusiwa. "Ziingie tumboni," alisema. "Kitandani hapana." Akaagiza sanduku kwa fundi seremala, mbao za mkaratusi, asitumie mbao yoyote iliyowahi kukaa kwenye mtumbwi. Alimpima Mtasema akiwa amelala amejinyoosha, kwa uzi, kama fundi cherehani. Upande wa mbele uwe mfupi mama aweze kuvuka na watoto washindwe. Ndani yake akataka fito zizunguke pande zote, kimo cha ngumi moja kutoka chini. Fundi akauliza ya nini. Mzee akamwambia mama akijibwaga kwa uchovu anamgandamiza mtoto ukutani bila kujua, lakini kukiwa na fito mtoto anabaki na nafasi nyuma yake. "Hakuna mama anayeua kwa kupenda," alisema. "Nafasi ndiyo inakosekanaga."

Tuligombana mahali pa kuliweka. Mimi nilisema barazani. Yeye akasema sebuleni, kona ya nyuma ya kochi, mbali na mlango, pasipo upepo.

"Mbwa sebuleni, mzee? Watu wakija?"

"Wakija watasema. Si ndiyo jina lake?"

Ndiyo siku pekee niliyomsikia akikaribia kulitamka. Sanduku likakaa sebuleni. Matandiko aliyaleta yeye, mashuka ya zamani yaliyofuliwa na mkewe, na kila moja alilinusa kabla ya kuliweka. Akamwaga majivu ya kuzuia siafu kuzunguka sanduku, mengine kizingitini, mengine chini ya dirisha. Juu ya stuli akapanga mkasi uliochemshwa, uzi, dawa ya kitovu, taulo tatu, na chupa mbili za soda za kujazia maji moto watoto wakipata baridi. Wageni wangu waliokuja wiki hiyo walikaa kwenye kochi wakiwa wamebana miguu.

Wiki ya mwisho alikuja asubuhi na jioni na kipimajoto chake. Mimi namshika Mtasema kichwa, yeye huko nyuma na kibanio. Anasoma kwa sauti, mimi naandika kwa chaki nyuma ya mlango: thelathini na nane na nusu, thelathini na nane nukta mbili, thelathini na nane na nusu. Alinieleza kwamba siku joto litakaposhuka chini ya thelathini na saba tusiende mbali. Jumanne asubuhi nilikuwa tayari nimefunga kitenge cha kwendea sokoni. Mzee akasoma, akafuta kioo, akasoma tena.

"Thelathini na sita nukta tisa. Leo huendi Mwigobero."

Nikampigia mwenzangu simu anipokelee mzigo.

Mtasema alikataa chakula, akakwaruza mashuka, akayavuruga yote tuliyoyanyoosha. Mzee aliweka kigoda, akakaa amempa mgongo. Nilidhani amechoka. Akaniambia mnyama hapendi kutazamwa, na wewe unayependa kutazama kaa ukutani, usimpe moyo, hajakuomba. Basi tukakaa hivyo, yeye anasikiliza kwa mgongo, mimi nimeuma kanga. Mchana, mtoto wa kwanza akatoka. Mtasema akapasua ule mfuko, akamlamba, akakata kitovu mwenyewe. Mzee bila kugeuka akauliza, "Kondo la nyuma limetoka?" Nikasema limetoka. "Hesabu. Watoto na makondo, idadi ilingane." Wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Nilianza kutabasamu.

Wa sita hakuja. Mtasema alisukuma, akapumzika, akasukuma. Mzee akaangalia saa ya ukutani. Alipoangalia mara ya pili alinyanyuka, akaosha mikono mpaka viwiko, na safari hii akageuka. Mtoto alikuwa anatanguliza miguu ya nyuma, na mwili umekwama. Bwana Mifugo akakishika kile kijimwili kwa taulo, akasubiri. Mama akisukuma naye anavuta, kuelekea chini, polepole; mama akiacha naye anaacha. Kilipotoka kilikuwa kimelegea kama soksi iliyolowa.

"Huyu amekufa, mzee," nilisema.

"Nani kakwambia?" Akampangusa mdomo, akamwelekeza kichwa chini, akanipa. "Sugua mgongo. Usimwonee huruma. Sugua."

Nikasugua. Niliiona stoo, niliyaona yale magunia, nikasugua machozi yakinidondokea kwenye taulo. Akanipokonya, akampulizia puani kidogo, akanirudishia. "Sugua." Sijui ilichukua muda gani. Halafu kikapiga chafya, kikalia, sauti nyembamba kama mlango unaohitaji mafuta, na Mtasema akainua kichwa kumtafuta.

Bwana Mifugo alinyanyuka. Alitoka nje akafungua bomba, na nilipomchungulia dirishani alikuwa bado anaosha mikono iliyokwisha takata. Aliosha muda mrefu mno. Mkewe, ambaye tulimwita Mama tu, alikuwa ameleta chai, akaniona ninavyoshangaa. Akakaa kwenye kile kigoda.

"Alikuwaga na mbwa," alisema, kwa sauti ya chini. "Dume. Enzi hizo tuko kijijini, bado vijana. Alimfuataga kazini zizi kwa zizi. Yeye akiandika ng'ombe wa watu, mbwa anakaa chini ya meza anangoja, mpaka watu wakampa jina la Karani. Ukaja mwaka wa kichaa cha mbwa, mtoto wa watu akafa. Ikatoka amri mbwa wote wauawe, kwa nyama ya sumu, na wa kugawa nyama ni yeye. Watu wakagoma. Wakasema mbona wa kwako umemfungia ndani? Mbwa wake alikuwa mzima kabisa, mwanangu. Kesho yake akaanza na wake, mbele yao. Alikula mkononi mwake."

Nje maji yalikuwa bado yanatiririka.

"Basi wakakubali, na ugonjwa ukaisha. Yeye huyo mbwa hajamtaja tena. Na mimi simtajagi."

Watoto wote sita walikua. Kwetu mtoto wa mbwa hachukuliwi mikono mitupu. Anayemchukua analeta kitu, kuku, jembe, hata chumvi, vinginevyo wazee wanasema mbwa hatakaa. Mzee alisimamia jambo hilo kwa ukali kuliko mimi mwenye mbwa. Kuna kijana alikuja kutoka Bunda na tabasamu peke yake, akarudishwa nalo. Mimi nikapata kuku watatu, jembe moja na mkungu wa ndizi. Yule wa sita, jike, nilimbakiza mwenyewe, nikamwita Mtazoea. Lakini kabla ya kuamua hivyo nilimpeleka kwa mzee nimemfunga kwenye kanga, nikamwambia huyu ni wake, amemtoa yeye, na asilete kitu. Nadhani ndiyo siku pekee niliyomkosea adabu bila kukusudia. Aliniangalia kwa upole ambao sikuuzoea.

"Mimi mbwa sifugi, binti."

Akamfunika mtoto vizuri na ile kanga, akanifungulia geti.

Miaka ikapita. Macho ya mzee yakaanza kufifia, halafu kiharusi kikamshika mkono wa kulia, na watoto wake wakaona ni afadhali arudi Butiama, kwenye mji wao, akakae karibu na ndugu. Geti lake likapangishwa. Siku wanahamisha vyombo alikaa kiti cha mbele cha gari amevaa buti, hataki kuaga mtu.

Mwezi wa tatu mwaka huu Mtazoea alibeba mimba. Kwa kuwa nilikuwa na safari ya kwenda kuona mashamba upande ule, nilipitia Butiama. Nilimkuta uani kwenye kiti cha kamba, amekonda, shati limekuwa kubwa. Mama alikuwa pembeni anapepeta ulezi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani huyo? Mtu wa dagaa," akajijibu, kwa kuvuta hewa puani. "Unanukia vile vile."

Nikamwambia habari ya Mtazoea. Nilidhani atafurahi tu, lakini alikaa wima, akaanza kunihoji. Wiki ya ngapi? Ya sita. Minyoo? Nimempa. Anakula mara ngapi? Nne. Sanduku lipo? Lipo lile lile, nimelipiga maji moto. Fito? Hazijang'oka. Majivu? Nimeweka debe zima. Unatandika nini? Mashuka ya Mama. Aliuliza mpaka akakosa la kuuliza, akaegemea kiti. Nikaona ameridhika, na mimi, mtu mzima na nyumba yangu, nilifurahi kama niliyefaulu darasa la saba.

Tukanywa chai, yake ya rangi. Nilipoaga aliniambia nisubiri. Akapeleka mkono wa kushoto kwenye mfuko wa shati, akahangaika nao kwa muda, sikuthubutu kumsaidia. Akatoa kipimajoto na uzi wake na kibanio, akanipa.

"Mzee, hiki chako, kaa nacho."

"Nikae nacho nimpime nani? Chukua. Mtoto wa mbwa hachukuliwi mikono mitupu."

Sikuelewa haraka. Mama alielewa, ungo ukasimama mikononi mwake.

"Dume," akasema mzee. "Akifikisha wiki nane uniletee. Siyo kabla."

Nikamwambia nitaleta. Nikamuuliza kwa utani wa zamani kama nimpe jina kabisa, maana najua yeye majina ya mbwa hayataki.

"Jina analo," alisema. "Karani."

Mama akaweka ungo chini, akaingia ndani.

Mtazoea alizaa watano, mchana, bila shida, siku moja baada ya joto kushuka. Madume ni wawili. Mmoja nimemfunga uzi mweusi shingoni, na kila anayekuja kuchagua namwambia huyo ana mwenyewe. Jumamosi hii anafikisha wiki nane, na nimeshaongea na mtu wa pikipiki. Jana Mama alinipigia kuuliza kama nakuja na kamba au watafute. Akaniambia mzee ameagiza gunia la kumtandikia mlangoni, na alipoletewa alilinusa mwenyewe kwanza.